Mtaalamu wa Linki

Siku ya soko mjini Lushoto, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, watu wenye akili zao huvaa mabuti. Edgar alivaa viatu vyeupe. Alivaa pia suruali iliyombana mpaka akawa anatembea kwa hatua fupi fupi, shati la waridi, na miwani ya jua, ingawa jua lenyewe lilikuwa halijaonekana tangu juzi kwa ukungu. Alisimama katikati ya njia, kati ya mafungu ya karoti na mafungu ya matunda damu, simu sikioni, akipiga kelele utadhani huyo mtu wa Dar es Salaam aliyekuwa akiongea naye alikuwa ng'ambo ya bonde.

"Nakwambia bosi, mimi nikishika tovuti, imepanda! Ukurasa wa kwanza! Mimi si mwanafunzi wa haya mambo, mimi ni mtaalamu!"

"Kaka mtaalamu," sauti ya kike ilisema nyuma yake, "sogea basi. Watu wana mizigo."

Edgar aligeuka. Aliyesema alikuwa Yusta, binti mrefu mwenye sweta la kijani, kanga kiunoni, mabuti miguuni na kikapu cha matunda damu kichwani. Alikuwa na macho makubwa, na wakati huo yalikuwa yakimtazama Edgar kama mtu anavyolitazama fungu la viazi analoshuku kuwa chini yake kuna vibovu.

"Samahani, mrembo. Nilikuwa kazini."

"Kazi gani ya kuzibia watu njia?"

"Mitandao. Napandisha tovuti. Mtu akitafuta kitu kwenye simu, nani atokee juu na nani apotelee chini, hiyo ndiyo kazi yangu."

"Kumbe. Na hivyo viatu vimekuwaje? Vimepanda au vimepotelea chini?"

Wauza karoti walicheka. Edgar alivitazama viatu vyake, akaona havionekani kwa matope. Mwanaume mwingine angekasirika. Edgar alivua miwani, akacheka pamoja nao, akaomba abebe kikapu. Hilo ndilo lililomponza Yusta. Wanaume wa kujisifu alikuwa amewazoea, Lushoto wamejaa tele. Wa kujicheka alikuwa hajamwona siku nyingi. Bahati mbaya ni kwamba Edgar aliweza kujicheka viatu tu. Kazi yake hakuwahi kuicheka.

Yusta na mama yake, Mama Evelina, walikuwa na nyumba ya wageni kwenye njia ya Magamba. Ilikuwa nyumba ya mawe yenye paa jekundu, mkate wa moto asubuhi na blanketi nzito usiku. Marehemu baba yake Yusta ndiye aliyeijenga, ila kiwanja kilikuwa cha ukoo, na msemaji wa ukoo sasa alikuwa baba yake mdogo, Silvano. Huyu Silvano alikuwa mzee wa kanisa na mchuuzi wa viazi, na vyeo hivyo viwili alivivaa pamoja hata kitandani. Alikwisha kutamka: wageni wa mwezi wa saba wasipokuja, nyumba inageuka stoo ya viazi, na shemeji yake atahamia chumba cha uani.

Wageni walikuja kwa tovuti. Mtu akiandika kwenye simu kwamba anatafuta pa kulala Lushoto, nyumba ya Mama Evelina ilitokea ya tatu kutoka juu. Hakuna aliyejua kwa nini, na hakuna aliyeuliza. Ilikuwa ya tatu, wageni walikuja, mkate uliliwa.

Mpaka alipokuja Edgar.

Mapenzi yao yalikwenda haraka. Edgar alifika kila siku kunywa chai, akapasua kuni vibaya, akaosha vyombo vizuri, akamchekesha Mama Evelina mpaka akashika mbavu. Jioni alipiga simu kutoka chumba alichopanga mjini.

"Umekula, malkia wa Magamba?"

"Nimekula. Wewe umekula maneno yako?"

"Nimekuhifadhia machache. Nakupenda, Yusta."

"Hilo la jana. Lete jipya."

"Nakupenda zaidi ya jana."

"Hebu lala, mgosi, mwanaume wewe. Unanipotezea chaji." Kisha Yusta alikaa na simu kifuani muda mrefu baada ya kukata. Alimpenda. Kwa akili aliyokuwa nayo ni aibu kusema, lakini alimpenda kwelikweli.

Siku moja Edgar aliomba kuiangalia tovuti. Aliangalia, akavuta pumzi kama daktari aliyeona ugonjwa mbaya.

"Bebi, unachafuliwa."

"Nachafuliwa na nani?"

"Linki. Tovuti nyingine ikikutaja na kuweka njia ya kubonyeza ili mtu aje kwako, hiyo ni linki. Google inaangalia nani anakutaja. Ukitajwa na watu wa heshima, unapanda. Ukitajwa na matapeli, unashukiwa. Ona hapa: kamari, dawa za nguvu za kiume, kamari tena. Na ona haya mengine, maneno marefu kama reli. Takataka zote hizi zimekung'ang'ania."

"Sasa tunafanyaje?"

"Tunazikana. Tunawaandikia Google: hizi si zangu, msinihesabie."

Sasa, takataka za kamari humrukia kila mwenye tovuti, na mara nyingi hazimdhuru mtu. Mtaalamu wa kweli angeziacha, au angechagua kwa utaratibu, moja moja, akifungua na kusoma. Edgar hakufungua. Kusoma kulikuwa kazi ya wanafunzi. Alikusanya zote zenye kamari, kisha akakusanya zote zenye maneno marefu kama reli, akazikana kwa mpigo, akanywa chai ya maziwa.

Yale maneno marefu yalikuwa Kijerumani.

Mtu yeyote aliyekulia Lushoto angeshtuka. Sharika za huku na sharika za Ujerumani zina urafiki wa miaka mingi; wageni huja na tarumbeta zao, wanapiga kanisani pamoja na bendi ya hapa, wanakula, wanalia wakiondoka, kisha wanarudi kwao na kuandika kila kitu kwenye tovuti za makanisa yao. Walikuwa wameandika habari za nyumba ya Mama Evelina mwaka hadi mwaka. Hao ndio waliomweka wa tatu. Na Edgar mwenyewe alizaliwa Bungu, kwenye milima hii hii, akabatizwa kwa Walutheri, akalelewa na sauti ya tarumbeta hizo kila Jumapili! Lakini alikuwa amekaa Dar es Salaam miaka michache, na kwa watu wa aina yake hiyo inatosha kusahau kila kitu isipokuwa bei ya viatu.

Nyumba ilishuka. Kwanza ukurasa wa pili, kisha wa nne, kisha ikawa haionekani kabisa. Mwezi wa sita uliisha, simu ya kuulizia vyumba haikulia. Silvano alikuja kupima sebule kwa kamba.

Kwa mara ya kwanza Edgar akafungua kile alichokikana. Alibonyeza kitufe cha kutafsiri, akasoma, na katikati ya ukurasa akakutana na picha ya Mama Evelina akimenya viazi, kazungukwa na wazungu wenye tarumbeta mapajani. Saa hiyo hiyo aliifuta orodha yake kimyakimya, akijua kwamba Google haina haraka na mtu.

Ilibaki kumwambia Yusta. Ilikuwa sentensi fupi: sikujua. Mtoto wa darasa la pili huisema bila kuumia. Edgar aliizungukia kutwa nzima, na kabla hajaifikia simu ililia.

"Edgar, niambie ukweli." Sauti ya Yusta ilikuwa kavu. "Sasa anayetokea wa tatu ni Loveness."

Loveness alikuwa na hoteli mpya mtaa wa chini, yenye mapazia ya dhahabu na chai ya baridi.

"Watu wamekuona ukiongea naye stendi. Kakupa nini uniangushe?"

Stendi walisalimiana tu, tena kwa mbali. Lakini hebu tazama kiburi kinavyofanya kazi. Edgar aliona njia mbili mbele yake. Moja ilikuwa ya mjinga asiyejua kazi yake. Nyingine ilikuwa ya mtu mjanja, hatari, anayenunulika. Akaona hii ya pili ina hadhi.

"Yusta, biashara ni biashara," alisema. "Mambo mengine watu wazima hatuulizani."

Simu ilikatwa. Mwanaume huyu alimpenda mwanamke huyu, na bado alikubali kuitwa msaliti ili asiitwe mbumbumbu. Wapo wengi wa namna hiyo, na wengi wao wana kadi zenye majina yao.

Yusta alilia mpaka macho yakavimba. Jumapili, baada ya ibada, alimkuta Loveness nje ya kanisa, na mbele ya kwaya nzima akamwita mchawi wa biashara na mnunuzi wa wanaume. Loveness, ambaye hakuwa na kosa lolote zaidi ya yale mapazia, aliondoka akijifuta machozi kwa mtandio. Silvano alifurahi sana, ingawa alinuna kama inavyompasa mzee wa kanisa. Aliitisha kikao sebuleni kwa Mama Evelina: Yusta athibitishe alichosema au atangazwe kanisani kuwa mzushi, na kwa kuwa wote watakuwepo, na suala la stoo limalizwe.

Edgar alizisikia habari hizo kwa muuza vocha. Usiku ule hakulala. Kumpoteza Yusta alikuwa amejiambia atavumilia. Lakini Yusta asimamishwe mbele ya usharika kwa uongo wake yeye, hilo hata Edgar hakuliweza.

Kikao kilikwisha kuanza alipobisha hodi. Loveness alikaa upande huu na wigi jipya, Yusta upande ule na kanga ya jana. Silvano alikalia kiti cha marehemu.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba," alisema Silvano. "Wewe hukuitwa. Hapa tunaongelea hivi vitu, hizi linki. Hata sijaambiwa kama zinaliwa."

"Haziliwi, mzee. Ila nimekuja kusema." Edgar hakukaa. Alimtazama Yusta, na Yusta akatazama ukutani. "Loveness hajanipa kitu. Hata namba yangu hana. Mimi ndiye niliyezikana linki za nyumba hii. Nilidhani ni za kamari."

"Kamari?" Mama Evelina aliuliza. "Za akina nani?"

"Za wale Wajerumani wa tarumbeta, mama."

"Wale waliokuwa wakinisaidia kumenya viazi?"

"Hao."

"Kwa nini uone ni wacheza kamari, mwanangu?"

"Yalikuwa maneno marefu. Sikuyafungua. Sikujua, mama. Nilijifanya najua, na sikujua."

Loveness ndiye aliyeanza. Alibana mdomo, akashindwa, akaangua kicheko mpaka wigi likaenda upande. Mama Evelina akafuata. Yusta peke yake hakucheka.

"Kwa hiyo uliniacha nimtukane dada wa watu," alisema polepole. "Uliniacha nilie, nikijua nimeuzwa. Kwa sababu uliona haya kusema hujui?"

"Ndiyo."

"Wewe ni mwanaume wa hovyo, Edgar."

"Ndiyo, Yusta."

Yusta aliinuka, akapiga magoti mbele ya Loveness, akaomba msamaha bila kuupunguza. Loveness alimwinua, akamkumbatia, akasema naye aliwahi kuwa na mwanaume wa namna hiyo.

Silvano alikohoa. "Hayo ya wanawake yamekwisha. Turudi kwenye stoo."

"Mzee," Edgar alisema, "katika hizo kurasa wewe pia umo."

"Mimi?"

Edgar alimpa simu. Hapo Silvano alijiona katikati ya bendi ya kanisa, koti jeusi, mashavu yamejaa upepo, tarumbeta juu, na chini yake maneno marefu yanayomsifu. Alikaa akiitazama muda mrefu. Machozi ya shemeji yake hayakuwahi kumgusa, kilio cha mtoto wa kaka yake hakikumgusa, lakini picha yake mwenyewe ilimgusa mpaka moyoni.

"Na hii Wajerumani wote wanaiona?"

"Nyumba ikirudi juu, dunia nzima itaiona. Ikiwa stoo, ukurasa huu hauna maana tena."

Silvano aliikunja ile kamba ya kupimia, akaiweka mfukoni. "Stoo inaweza kusubiri mwaka," alisema. "Tumwachie Mungu." Mungu ndiye aliyebebeshwa lawama za uamuzi huo.

Watu walipotawanyika, Yusta alimkuta Edgar barazani akifunga kamba za viatu vyake, ambavyo sasa vilikuwa na rangi ya udongo wa Usambara. Alisimama juu yake, mikono kiunoni.

"Tutarudi wa tatu?"

"Sijui."

"Itachukua muda gani?"

"Sijui, Yusta. Pengine wiki, pengine miezi. Pengine tutaishia wa saba. Nitawaandikia wale Wajerumani mmoja mmoja, niwaombe watutaje tena. Kama watajibu, sijui."

Miezi yote ile Yusta alikuwa ameitwa malkia, bebi, mrembo, nyota, na hakuna neno lililomgusa kama hilo.

"Hebu rudia."

"Sijui."

"Mh." Aligeuza uso ili asimwone anavyotabasamu. "Tuma mshenga, Edgar. Baba mdogo yuko kwenye hali nzuri, haitadumu. Na huyo mshenga akiulizwa unafanya kazi gani, aseme hajui."