Betri Hunyweshwa, Haiogeshwi

Kila asubuhi dereva alifuta viti vya kigari chake kwa kitambaa laini, akapangusa usukani, kisha akashuka nacho hadi getini. Kilikuwa kigari cha umeme cha viti sita, kama vile vya viwanja vya gofu. Hakingurumi. Hupita kimya kama paka. Kazi yake ilikuwa kuwapandisha mlima wagonjwa wa hospitali: wajawazito, wazee, wenye plasta miguuni. Wenzake walimwita Kobe. Yeye aliwajibu kwamba kobe hufika, tena hafiki akihema.

Alhamisi moja kigari kiligoma. Dereva alikanyaga pedali. Chini ya kiti kukasikika "ta", basi. Magurudumu hayakusogea. Siku ile wagonjwa walipanda mlima kwa miguu, na bibi mmoja alikaa chini njiani mara tatu.

Msimamizi wake alisema betri zimekufa. Jumatatu lori lingekuja kukichukua kigari kikatupwe.

Jioni dereva alikula matonge mawili, akasukuma sahani. Mkewe aliinuka. Alikwenda kumgongea jirani, mama wa makamo, fundi wa mashine za umeme zinazonyanyua mizigo ghalani. Msimamizi naye alipoombwa ruhusa hakukataa. Alisema hata akijaribu mganga, kigari hakitaumwa zaidi.

Jumamosi wakaenda wote watatu. Dereva alidhani fundi atashika spana mara moja. Wapi! Kwanza aliuliza. Kiligoma ghafla, au kilikuwa kinachoka kidogo kidogo? Kinalia vipi? Akatazama kama waya wa chaja umechomolewa, maana vigari vingi haviendi vikiwa vinachajiwa. Dereva alimwangalia akasahau huzuni yake. Aliona daktari anayemsikiliza mgonjwa kabla ya kuandika dawa.

Kisha fundi akazima na kutoa ufunguo. Akaweka mawe mbele na nyuma ya matairi ya mbele. Matairi ya nyuma akayainua kwa jeki na kuegemeza gari kwenye stendi imara. Akavaa glavu na miwani. Akamtaka dereva avue saa na pete, kwa kuwa chuma kikigusa vichwa viwili vya betri, huwaka moto pamoja na kidole.

Dereva akasita, maana pete ni ya ndoa.

"Vua tu," mkewe akasema. "Hata nafasi ya kukuacha sina."

Chini ya kiti kulikuwa na betri sita. Fundi alizipima kwa mita, moja moja. Kila moja ilikuwa na volti nane na nusu hivi, kama inavyotakiwa. Kisha akaomba ufunguo uwashwe na pedali ikanyagwe. "Ta." Mita iliyopima betri zote pamoja ikaporomoka.

"Hizi hazijafa, shemeji. Umeme upo, ila umezuiwa njiani."

Akapima kiungo baada ya kiungo. Kati ya betri ya tatu na ya nne waya ulikuwa umevaa unga mweupe wenye ukijani, umeliwa na kutu. Fundi akauliza betri hutiwa maji vipi. Dereva akajibu kwa fahari kwamba hakosi. Aliyeleta betri mpya miezi minne iliyopita alimwambia azitie maji. Basi kila Ijumaa huzipiga mpira wa maji, na sabuni juu.

Mkewe akageuka ukutani, mabega yakitikisika.

"Shemeji," fundi akasema taratibu, "betri hunyweshwa, haiogeshwi."

Hakumcheka. Alifungua vifuniko, akamwonyesha vibati vya ndani. Maji yalikuwa yameshuka, lakini vibati havijaachwa wazi. Hutiwa maji maalumu ya betri tu, baada ya kuchaji, hadi yafunike vibati bila kufika mdomoni. Vibati vikikutwa vikavu, hufunikwa kwanza kidogo, ndipo betri ichajiwe. Na sigara ikae mbali, kwa sababu betri hutoa gesi inayolipuka.

"Kwa nini hukumuuliza yule aliyezileta?"

"Niliona aibu. Nilidhani kila mtu anajua."

"Mimi niliuliza miaka mitatu mfululizo, mpaka fundi aliyenifunza akanikimbia."

Ufunguo ulizimwa tena. Fundi aliondoa kwanza waya mkuu wa hasi, kwa spana iliyozungushiwa utepe wa mpira kwenye mpini. Vifuniko vikafungwa. Kiungo kikasuguliwa kwa brashi na maji ya magadi ya kupikia, kikapanguswa, kikakaushwa, kikakazwa na kupakwa grisi. Viungo vilivyobaki alifanya dereva mwenyewe, fundi akitazama tu. Waya wa hasi ulirudishwa mwisho. Pedali ikakanyagwa, na magurudumu yakazunguka.

Jumatatu lori lilisimama katikati ya mlima. Mwenye lori akachungulia dirishani, akamuuliza mlinzi aliyekuwa akishuka kigari kibovu kiko wapi.

Mlinzi akaelekeza kidole juu, ambako dereva alikuwa akimshusha bibi mmoja mlangoni mwa wodi.

"Kimekupita sasa hivi," akasema.