Usishuke Mchangani

Gurudumu lilipogusa mchanga, mchanga ulikaza. Baiskeli zilipita kwenye ufukwe wa Mwambakofi kana kwamba zinapita juu ya sakafu ya saruji, na mpandaji, hata awe mnene na nyuma amefunga magunia mawili ya mwani, hakuacha alama yenye kina cha ukucha. Tangu bahari ilipoimeza barabara ya lami, vijiji vitano vya pwani ile havikuwa na njia nyingine. Maji yakipwa watu wanakwenda, maji yakijaa kila mtu anakaa kwao. Kwa hiyo baiskeli hizo hazikuwa mchezo wa watalii; ndizo zilizokuwa barabara.

Siri ilikuwa kwenye kitovu cha kila gurudumu, ndani ya kidude kinacholingana na yai, kilichoitwa kishupazo. Kishupazo kilitoa mtetemo usiosikika kwa sikio, na mtetemo huo ulizibana chembe za mchanga pamoja. Mpimaji wa mchele huitikisa pishi yake kidogo, punje zikakaa, pishi ikapokea mchele zaidi. Basi ni hivyo hivyo. Maji yaliyokuwa kati ya chembe yalisukumwa kando, gurudumu lilipopita yakarudi taratibu, na ufukwe ukawa kama ulivyokuwa.

Aliyekibuni alikuwa Mhandisi Mize Pandu, mzaliwa wa Mwambakofi. Alikijaribu mwenyewe ufukweni siku mia mbili, kwenda na kurudi, na hakikumletea taabu hata siku moja. Alijivuna, na asiyejivunia cha kwake atajivunia cha nani?

Lakini sasa watu watatu walikuwa wamenaswa. Walikuwa watembea kwa miguu, na mchanga ulifunguka chini yao pasipo onyo. Wawili walichimbuliwa wakiwa hai. Wa tatu, Mzee Foum, baba mkubwa wa Mize, alididimia hadi mapajani karibu na mashamba ya mwani, hakuna aliyemsikia, na maji yalipojaa yalimkuta pale pale. Alizikwa Ijumaa.

Msiba haukukosa mtu wa kubebeshwa. Rekodi za baiskeli zilionyesha kuwa baiskeli ya mwisho kuwa karibu na mzee ilikuwa ya Hidaya, mkunga pekee wa vijiji vile, na habari hiyo ilivuja hata nusu siku haikwisha. Watu walisema alimwona mzee anazama, akampita, akakimbilia kwa mzazi wake aliyeshikwa na uchungu. Mwanamke aliyezalisha nusu ya kijiji akajifungia ndani, na hakuna aliyempelekea hata salamu. Mize hakuamini maneno yale, ila kutoamini si ushahidi.

"Niambie tena," alisema, amekaa karakanani mbele ya ukuta wenye nukta za kijani, kila nukta baiskeli moja.

Bongo, akili ya mashine iliyosimamia baiskeli zote elfu nne, ilijibu kwa upole wake usiochoka. "Baiskeli zote tatu zilizokuwa karibu na ajali zilikuwa nzima. Kila moja ilisimama mahali pa ajali kati ya dakika tatu na tano, kisha ikaondoka. Muda mfupi baadaye mtembeaji alizama."

"Kwa nini zilisimama?"

"Sababu haijulikani. Mahali hapo hapana kituo, duka wala kivuli. Kosa linakadiriwa kuwa la mtembeaji."

"Kosa la kutembea," Mize alisema.

Alasiri alikwenda kwa shangazi yake, Bi Mwatima, dada wa marehemu. Alimkuta uani anapepeta mchele wa hitima. Aliketi kwenye mkeka, akaanza kuchagua mawe bila kuambiwa.

"Huenda Hidaya hakumwona," alisema.

"Hakumwona vipi? Foum humjui wewe? Mtu wa baiskeli hampiti hivi hivi. Sharti ushuke, umwamkie, umpe habari za mgonjwa, na za mwani, na mtoto wa fulani kaolewa wapi, ndipo akupe ruhusa uende zako. Na si yeye peke yake. Mtu humshukia mkubwa wake, ndivyo tulivyolelewa." Bi Mwatima alipuliza makapi. "Ila wewe. Wewe mwaka wa pili huu wanipita na kengele yako tu, kama muuza barafu."

Mize alicheka, kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Dakika tatu mpaka tano. Hakukuwa na kituo wala duka. Kulikuwa na mtu mzima wa kuamkiwa.

Alirudi karakanani karibu anakimbia. Kulikuwa na hodhi kubwa la mchanga uliolowa, limeinamishwa kidogo kama ufukwe unavyoinamia bahari. Alisimamisha baiskeli katikati, akaushika usukani kama anayesalimiana na mtu, akahesabu dakika nne. Kishupazo hakikuzimika, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyeagiza kisizimike, ili mpandaji akisimama asididimie. Na kweli, chini ya magurudumu mchanga ulikuwa mgumu kama jiwe. Lakini maji yaliyosukumwa hayakuwa na nafasi ya kurudi. Yalikusanyika upande wa chini, upande wa bahari, pale anaposimama mtu anayetoka kwenye mwani. Kwa macho hukuona kitu. Aliiondoa baiskeli, na maji yale yakarudi kwa mkupuo mmoja.

Mize alitia mguu. Ulizama hadi gotini, kisha mchanga ukaubana. Ilimchukua robo saa na koleo kuutoa, na kiatu kilibaki humo. Hapo hapakuwa na upepo wa kumeza sauti yake, wala bahari inayopanda.

Aliketi sakafuni akalia, kwa huzuni na kwa aibu, na aibu ilikuwa kubwa zaidi. Hidaya alikuwa amekwisha kumpa mzee mgongo na kuondoka kabla mchanga haujafunguka, hakuona kitu. Na Mize katika siku zake mia mbili za majaribio hakuuona ubovu huu kwa sababu hata siku moja hakushuka kumwamkia mtu. Siku zote alikuwa na haraka.

"Kubadili vishupazo vyote kutachukua miezi minne," Bongo ilisema alipoieleza. "Pendekezo: wapandaji wasishuke. Hatari itaondoka leo."

Kuzizuia baiskeli kungekuwa kuwafungia wagonjwa na wazazi ndani ya vijiji vyao. Mize alifikiri, hakupata njia ya tatu. "Peleka amri," alisema.

Amri ilikuwa na maneno mawili, yaliyosikika ndani ya kofia ya mpandaji peke yake kila alipopunguza mwendo karibu na mtu: Usishuke mchangani. Sababu ingetangazwa Jumatatu na wakubwa wake wa kazi. Aliyeomba ingoje mpaka Jumatatu ni Mize. Alijiambia anataka kwanza azungumze na shangazi yake, na huo ulikuwa ukweli nusu. Nusu nyingine ilikuwa woga.

Asubuhi maji yalipopwa, alimsindikiza Bi Mwatima kwenye mashamba ya mwani. Walitembea zaidi ya nusu ya njia, na kila Mize alipofungua mdomo kuungama, alitoa habari nyingine. Ndipo ikatokea baiskeli kutoka upande wa kaskazini. Alikuwa Hidaya, mfuko wake wa kazi mgongoni. Kulikuwa na mzazi aliyezidiwa, na uchungu haungoji watu wamalize kusengenya.

Alipowaona alipunguza mwendo. Mguu wake wa kulia ulitoka kwenye pedeli, ukashuka karibu kugusa chini, na mkono akauweka kifuani kama anayetaka kutoa pole. Kisha akashtuka, akainua uso kama mtu aliyeitwa. Mguu ukarudi kwenye pedeli. Akapita, machozi yanamtoka, hakugeuka.

Bi Mwatima aliliteremsha gunia lake tupu begani. Hakupandisha sauti.

"Umemwona kwa macho yako? Ndivyo alivyompita na kaka yangu."

Mize angeweza kunyamaza. Jumatatu haikuwa mbali, na wakubwa wa kazi wangeyaeleza hayo kwa maneno mazuri kuliko yake.

"Hapana, Shangazi," alisema. "Kwa Ba'mkubwa alishuka. Alishuka akamwamkia kama mlivyotufunza, na mashine yangu ikawa inausukuma mchanga muda wote wanaosalimiana. Hiyo ndiyo iliyomzamisha."

Bi Mwatima aliitazama ile baiskeli, ambayo sasa ilikuwa ndogo kule mbali.

"Na leo mbona hakushuka?"

"Nimemkataza mimi."