Maji ya Rejeta

Rejeta ilipasuka mahali ambapo hata nzi hana sababu ya kwenda. Mbishi, dereva wa lori la chumvi, aliiziba kwa sabuni na kitambaa, kisha akafanya alivyozoea miaka yote ya barabarani: akamimina humo maji yao yote ya kunywa. Gari kwanza, mtu baadaye. Lori likajikokota hadi katikati ya jangwa, likakohoa, likafa.

Dada yake, mwalimu wa Kiingereza aliyekuwa njiani kwenda shule mpya, hakumlaumu. Lawama hazikati kiu.

Kesho yake walilala chini ya lori, midomo imepasuka, ndimi nzito. Mwalimu aliogopa jambo moja tu: mdogo wake apotewe na akili, ainuke, atembee hadi jua limmalize. Akaamua kumshikilia kwa somo.

"'Wither'?"

"Kunyauka."

"'Shrivel'?"

Mbishi akatazama vidole vyake. "Kusinyaa."

"'Parched'?"

"Hilo liulize koo langu lililokauka. Ulinichapa kwa maneno hayahaya, dada, leo nayajua yote."

Wakacheka, na kicheko kikawauma vifua. Alipoulizwa neno la nne, Mbishi alishatoka uvunguni. Alikuwa anatambaa kuelekea mbele ya lori, kikombe mkononi.

"Kwenye rejeta mna dawa ya kupozea injini," mwalimu akasema. "Ni sumu."

"Ilivuja yote. Nikaisuuza rejeta. Hayo ni maji yetu."

"Uliisuuza kwa maji gani?"

"Hayohayo yetu, kidogo tu, dada. Haki ya mama."

Haki ya mama! Tangu utotoni Mbishi aliapa hivyo huku sukari imemganda kidevuni. Mwalimu akamwahi, akafungua kizibo cha chini cha rejeta. Maji yakatoka mekundu kwa kutu, wala huwezi kujua yana nini kingine. Mbishi akakinga kikombe. Mwalimu akamlalia mikono kwa uzito wote uliombakia, mchanga ukanywa mpaka tone la mwisho.

"Umeniua," Mbishi akasema. Alitaka kulia, lakini machozi hayakuwepo.

Mafundi wa minara ya simu waliwakuta kesho yake mchana. Dada alikuwa bado amemng'ang'ania mdogo wake, na ilibidi wamwachanishe vidole kimoja kimoja.

Hospitalini Mbishi alifungwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Figo zilikuwa zimekauka, daktari alisema, na hazitarudi. Vikombe viwili vya maji safi vingeziokoa. Mwalimu alisikiliza hadi mwisho. Daktari alipotoka, akasogeza kiti karibu na kitanda.

"Mbishi. Yale maji. Kweli ulisuuza?"

Mbishi akamgeuzia uso.

"Sikumbuki, dada. Ningesema lolote ninywe."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa, akamfunika shuka vizuri, akabaki pale ameushika mkono wake. Hakumuuliza tena.