Reli ya Kiwanda cha Chumvi

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi wa kuchomelea, mtu mgumu asiyetishwa na chochote. Alikwenda na dada yake kwenye banda la treni la kiwanda cha chumvi kilichokufa zamani, akate kipande cha reli cha kutengenezea geti la nyumbani. Nje jua lilikuwa kali. Ndani giza totoro. Nje, reli ilishang'olewa pande zote mbili za banda tangu baba yao hajaoa; kilibaki kipande cha humo ndani tu.

Alipopiga magoti kupima kwa kupapasa, akasikia chuma kinavuma.

“Dada, unasikia?”

“Bahari hiyo. Kata twende zetu, nimemwacha mtoto kwa jirani.”

Mvumo ukakua, ukawa mngurumo wa magurudumu. Mabati yakatetemeka. Fundi hakungoja kuambiwa. Akamvuta dada yake mkono, wakaangukia ukutani. Upepo wenye moshi wa makaa ukawapita puani, kisha kimya.

Dada akawasha tochi ya simu. Reli iliyokuwa imeliwa na kutu sasa iling'aa juu kama kisu kilichotoka kunolewa. Fundi akaigusa, akarudisha kidole upesi.

Ilikuwa ya moto.