Bomba Chini ya Karavani

Barafu ilipasuka asubuhi, kati ya kikombe cha kwanza cha kahawa na cha pili. Maj-Lis aliuhisi mlio miguuni kabla haujamfika masikioni, kisha sahani zikagongana kabatini. Mumewe, Evert, alikuwa amevaa buti moja tu. Alifungua mlango wa karavani, akatazama upande wa nchi kavu. Kati yao na ufuko wa mji wao wa Kalix palikuwa na mstari mweusi wa maji, na mstari ule ulikuwa unanenepa.

Kila mwaka, siku zinapoanza kurefuka, watu wa pwani ile huburuta karavani zao, vijumba vya magurudumu, juu ya bahari iliyoganda, hutoboa matundu na kuvua samaki. Na kila mwaka kuna mbishi mmoja anayechelewa kurudi. Jirani yao Sixten alikuwa ameondoka juzi yake, akawaonya kwamba upepo umegeuka na sasa unasukuma kutoka nchi kavu. Evert alimjibu kwamba samaki ndiyo kwanza wanaanza kula. Miaka hiyo simu zilikuwa bado zinatundikwa ukutani, na ukuta wao ulikuwa nyumbani.

"Vaa koti," Evert alisema. "Nakwenda kutafuta palipo pembamba tuvuke."

"Pembamba gani? Huoni ufa unavyopanuka?"

"Bibi wee, mimi nimezaliwa kwenye barafu hii."

Aliwasha pikipiki ya theluji, akaufuata ukingo wa ufa. Hakufika mbali. Ukingo ulimeguka chini yake bila kelele, pikipiki ikainamisha pua ikazama, naye akabaki amelaza kifua juu ya barafu, mwili uliosalia ukiwa majini.

"Mtaimbo!" alipiga ukelele. "Niletee mtaimbo!"

"Uko wapi?"

Evert alitema maji. "Kwenye bomba."

Habari ya hilo bomba lazima isimuliwe. Kwa miaka mingi mfuko wa fito za turubai, zile za alumini zinazosimamisha kibaraza mbele ya karavani, ulilala sakafuni kwenye ujia, kutoka mlangoni hadi kitandani. Kila aliyetaka kwenda chooni aliuruka. "Siku moja nitajikwaa hapa nivunjike nyonga," Maj-Lis alilalama kila safari, na hakulalama kwa sauti ndogo. Mwishowe Evert alinunua bomba la plastiki la maji machafu, akalifunga kwa mikanda ya chuma chini ya sakafu, akaliwekea kifuniko cha kuzungusha upande wa nyuma. Kila kitu kirefu kiliingia humo: fito, fimbo za kuteleza kwenye theluji, keekee ya kutobolea barafu, na mtaimbo. Aliwaonyesha wavuvi wote, nao wakalisifu. Jioni ya jana yake, kwa kuwa walipanga kuondoka, alikuwa ameshusha kibaraza na kupakia vyote kwa utaratibu wake. Usiku maji yakapanda juu ya barafu, yakaizunguka miguu ya karavani hadi kwenye kifuniko, yakaganda.

Maj-Lis alikimbilia nyuma. Kifuniko kilikuwa ndani ya barafu ngumu. Alikipiga teke. Alileta kikaango, akapiga mpaka mpini ukapinda. Barafu ile ilitaka mtaimbo, na mtaimbo ulikuwa nyuma ya kifuniko. Mchimba kisima huingia mwenyewe, wasemavyo, lakini huyu alikuwa ameingia pamoja na mkewe.

Aliachana na kikaango, akanyofoa blanketi kitandani, akalala kifudifudi karibu na ukingo na kumrushia ncha.

"Jizungushie mkononi! Mkononi, Evert, si vidoleni!"

Alivuta. Ukingo ukameguka tena, akarudi nyuma, akavuta tena huku akilia kwa hasira. Alipomtoa, nguo za mumewe zilikuwa zimeanza kukakamaa.

Ndani alimvua kila kitu, akamfunika magodoro. Miguu yake ilikuwa myeupe kama nta, na vidole havikuhisi alipovifinya.

"Usisugue," Evert alinong'ona. "Ukisugua unaviua."

"Tunaelekea wapi?"

"Kusini. Baharini."

"Maji ya kunywa je?"

"Chota palepale. Bahari hii haina chumvi ya kukudhuru."

Pande lao la barafu lilikuwa kubwa kama uwanja wa mpira, na asubuhi iliyofuata lilikuwa nusu ya hapo. Theluji ilipeperuka chini chini bila kukoma. Mkate mkavu ulikuwapo, na samaki walioganda. Gesi haikuwapo tena: moto wa jiko ulinywea, ukawa kidoa cha buluu, ukazimika. Kuanzia hapo pumzi zao ziliganda kwenye dirisha kwa ndani, na Maj-Lis alikuwa akimpashia mumewe chupa ya maji kwa kuiweka kwanza chini ya fulana yake mwenyewe.

Mchana helikopta ilikuja. Waliisikia kwanza, kisha Maj-Lis akaiona, chini sana, ikipita barabara juu yao. Alitoka mbio akapunga mikono, akapunga taulo, akapiga kelele ambazo hata yeye hakuzisikia. Koti lake lilikuwa la kijivu, taulo jeupe, karavani nyeupe, na theluji imepanda hadi madirishani. Helikopta ilikwenda zake.

Hapo Maj-Lis alikata tamaa, tusifiche. Aliketi juu ya ngazi ya mlangoni, mikono ikining'inia, akawaza kwamba angelala karibu na mumewe, afunge mlango, basi. Hakumchukia Evert. Alijichukia mwenyewe na ulimi wake, miaka yote ile ya kulalamikia mfuko wa fito sakafuni. Lau angenyamaza, mtaimbo ungekuwa mlangoni.

"Hawakutuona," alisema aliporudi ndani.

"Turubai," Evert alisema. Midomo yake ilikuwa mizito. "Jekundu."

Turubai lilikuwa kwenye sanduku la mbele, kavu kabisa. Maj-Lis alilitandaza juu ya theluji, akaweka sufuria kwenye pembe zake. Kabla hajamaliza kona ya mwisho, ya kwanza ilikuwa imefukiwa. Kwa theluji ile inayotambaa, kitu kilicholala hakikuwa na maisha. Ilibidi turubai lisimame.

Alirudi ndani, akaitazama sakafu. Halafu akachukua msumeno mdogo wa kukatia samaki walioganda, akapiga magoti kwenye ule ujia alimokuwa akiuruka mfuko.

"Unafanya nini?" Evert aliuliza.

"Nakata karavani yako."

Alikata zulia, akakata mbao, akachimbua sponji ya kuzuia baridi kwa kisu cha mkate. Chini yake lilikuwapo bomba, la rangi ya chungwa, limefungwa vizuri sana. Alilipasua kwa urefu, mkono hadi bega ndani ya shimo, upepo wa bahari ukimpiga usoni kutoka chini. Cha kwanza kutoka kilikuwa mtaimbo.

"Umekuja sasa, mwanaharamu we," aliuambia.

Kisha fito, moja baada ya nyingine. Katika ndoa yao yote Evert hakuwahi kumruhusu kuzipanga. Ilikuwa kazi yake, na walioweka kambi jirani nao walijua kwamba kibaraza kikisimikwa, ni heri watu wakatembee wasisikie matusi yake.

Maj-Lis alitoboa matundu kwa mtaimbo, akasimika ufito, akaumwagia maji kwa sufuria. Maji yaliganda akiwa bado ameushika. Akasimika wa pili. Viganja vyake vilinata kwenye alumini, na alipovibandua viliacha ngozi.

"Huu wenye utepe wa buluu ni wa wapi?" aliuliza kwa sauti kupitia mlango uliokuwa wazi.

"Wa kona."

"Na mfupi?"

Kimya. Alichungulia. Macho ya Evert yalikuwa yanafumba, na ule mtetemeko uliokuwa ukimsumbua tangu jana ulikuwa umekoma. Maj-Lis alijua maana yake. Baba yake alikufa hivyo, akitabasamu, kwenye barafu hii hii.

Ufito mfupi ni wa mlangoni. Alilijua hilo. Mtu hawezi kumtazama mumewe akifanya kazi kila kiangazi asijue.

"Basi mfupi naweka katikati!" alipiga kelele.

Kimya.

"Nimeuweka katikati, Evert, na ule wenye utepe nimeupindua juu chini!"

"Mjinga we," ilitoka sauti kitandani. "Wa mlangoni huo."

"Sisikii!"

"Wa mlangoni! Unataka paa lianguke?"

"Na kamba nafunga fundo la viatu!"

"Mungu wangu, mwanamke huyu! Fundo la viatu!"

Aliendelea hivyo. Kila alipopanga sawa alitangaza kwamba amepanga kombo, naye Evert akamtukana, yeye na dada zake na mji wa Haparanda uliomzaa, na kila tusi lilimfurahisha Maj-Lis mpaka machozi yakamgandia mashavuni. Turubai lilipanda. Upepo ulilijaza, fito zikalia, zikashika. Ukuta mwekundu ulisimama juu ya weupe ule wote. Nyuma ya karavani barafu ilipasuka tena, na kona moja ya pande lao ikaenda zake.

"Evert! Nimekosea wa katikati, niung'oe?"

Hakujibiwa. Aliuliza tena. Aliingia ndani, akapanda juu ya magodoro, akamlalia kwa uzito wake wote, akamwambia sikioni kwamba atauza karavani kwa Sixten kwa bei ya chakavu. Midomo ya Evert ilicheza, labda. Hakuwa na hakika. Alikuwa angali amemlalia hivyo helikopta ilipotikisa paa.

Sixten ndiye aliyewakazania marubani warudi. Walipogeuka waliona doa jekundu kutoka mbali sana. Mwokoaji aliyeshushwa kwa kamba alimfunga Evert kwanza, kisha akamgeukia Maj-Lis, aliyekuwa ameng'ang'ania ufito mmoja mfupi, ule wa mlangoni, aliokuwa ameung'oa.

"Acha hicho, mama. Hakiingii."

"Kitaingia."

Kiliingia. Karavani haikuonekana tena.

Evert alikatwa vidole vyote vya mguu mmoja na visigino havikumkaa sawa tena. Anatembea kwa fimbo, na baharini hajarudi. Maj-Lis hawezi kustahimili mlio wa sahani kabatini, kwa hiyo wanakula kwenye mabakuli ya mbao. Ufito wa mlangoni umelazwa sakafuni, kwenye ujia wa nyumba yao, kati ya chumba cha kulala na jikoni. Kila asubuhi Evert hufika hapo, hujiegemeza ukutani, huinua mguu mmoja kwa taabu, kisha wa pili.

"Siku moja nitajikwaa hapa nivunjike nyonga," husema.

"Vunjika," Maj-Lis humjibu kutoka jikoni, akimwaga kahawa. "Hapo nakufikia."