Mlango wa Gari la Mama

Jumamosi ile duka la rangi za magari lilikuwa limejaa mpaka barazani. Mafundi wa gereji walikuwa wanagombea thina ya kuzimulia rangi, na katikati yao alisimama msichana aliyevaa gauni la maua madogo, kiatu kimoja kimeingia grisi, amekumbatia kitu kifuani kama amebeba kifaranga.

"Dada, umetuletea nini?" aliuliza kijana wa kaunta. Alikuwa mrefu, mwembamba, na ovaroli lake lilikuwa na matone mengi kiasi kwamba hukuweza kujua lilishonwa la rangi gani.

Msichana akakiweka kitu chake juu ya kaunta. Kilikuwa kile kifuniko kidogo cha bati kinachoziba mdomo wa tangi la mafuta.

"Nimeambiwa nikija na hiki mtanichanganyia rangi ileile."

"Aliyekuambia anajua. Kimetoka kwenye gari hilohilo?"

"Kwani nina sura ya mwizi wa vifuniko?"

"Sina hakika. Wezi wa siku hizi wanavaa maua."

Mafundi wakaangua kicheko, na msichana akacheka nao ingawa hakuwa na raha. Gari lilikuwa la mama yake, mwalimu mstaafu, aliyekwenda mji mwingine kwa dada yake kufanyiwa upasuaji wa macho. Alimwachia bintiye funguo na maneno machache: "Liwashe mara mojamoja betri isife. Usilipeleke popote." Siku ya pili tu binti alilirudisha nyuma kidogo ili apate pa kuanikia nguo, na nguzo ya geti ikaubonyeza mlango wa kushoto. Gereji walimtajia bei ambayo hata angeshona sare za shule nzima kwa cherehani yake asingeifikisha.

"Mama anarudi baada ya wiki tatu," alimwambia yule kijana kwa sauti ya chini. "Nataka akute mlango mzima. Nitautengeneza mwenyewe."

"Umewahi?"

"Nimewahi kutia kiraka kwenye suruali."

Kijana hakumcheka. Alichana kipande cha boksi akamwandikia kila hatua kwa herufi kubwa. Maji ya moto na mpira wa kuzibulia sinki, ili bati lirudi nje. Kisha puti, ule uji mzito wa kuziba mabonde, na dawa yake ya kukaushia. Msasa wa maji. Rangi ya chini. Mwisho rangi yenyewe, aliyoichanganya akaijaza kwenye makopo mawili ya kupuliza. Alipofunga mfuko aliongeza karatasi mbili za msasa ambazo hazikuwa kwenye risiti, na chini ya boksi akaandika namba yake ya simu.

"Ukitaka nije nilione gari, nipigie."

"Usije," alijibu haraka. Alikumbuka uani kwao, nguo zimeanikwa na bomba linavuja, akaona aibu.

Mpira wa sinki ulivuta sehemu kubwa ya bonde kwa mlio kama wa sufuria iliyoanguka, akaruka kwa furaha. Puti ndiyo iliyomtoa jasho. Mara ya kwanza alizidisha dawa, ikawa jiwe kabla hajaifikisha mlangoni. Mara ya pili aliipunguza, na siku tatu baadaye bado ilikuwa laini kama uji wa mtoto.

"Rangi, mimi nautupa huu mlango," alisema kwenye simu. Alikuwa ameshaanza kumwita Rangi.

"Usiutupe, Mlango. Kwangua yote, anza upya. Dawa iwe kama punje ya harage kwa kijiko kimoja cha puti."

"Harage dogo au kubwa?"

"La wastani. Weka simu karibu, nisikie unavyosugua."

Akaiegemeza simu kwenye ndoo. Kijana akasikiliza, upande wa pili wateja wanamwita.

"Msasa wako umekauka. Tia maji. Eeh, hapo sawa. Unasikia unavyoteleza?"

"Nasikia. Wewe huna kazi?"

"Ninayo. Ndiyo hii."

Tangu siku hiyo kijana alipiga kila jioni. Siku nyingine hawakuzungumza lolote la maana. Msichana alisugua, kijana akahesabu makopo rafuni, kila mmoja akajua mwenzake yupo. Kijana alimwomba mara nyingine aje kuliona gari, akakataliwa mara nyingine, eti uani kuna nguo za kufua na za kuanika, lakini safari hii kwa sauti laini zaidi. Vumbi lilipozidi, mama wa nyumba ya jirani aliyemsikia akilalamika alikuja bila kuitwa, akamshikia shuka kuuzuia upepo mpaka rangi ya chini ikakauka. Mikono ya msichana ilipasuka, uzi ukawa unamnasa vidoleni anaposhona, na bado aliamka na hamu ya kusugua.

Zilipobaki siku nne mama arudi, akapuliza rangi. Ilipokauka akarudi nyuma hatua tano kuutazama.

Gari lilikuwa buluu. Mlango ulikuwa buluu inayokimbilia kijani. Ulionekana kama mlango wa kuazima.

Hakulia. Aliwasha gari na vidole vyake vyenye rangi, akalipeleka moja kwa moja dukani, akaliegesha upande wa kulia ukigusana na ukuta. Mafundi wakatoka kutazama. Mwenye duka naye akatoka.

"Niulize mimi!" msichana alipaza sauti mlangoni. "Mimi nashona! Nyuzi mbili nyeusi nazitofautisha! Huyu amenichanganyia rangi ya mtu mwingine, akili yake iko kwenye simu!"

Kijana alikuwa ameshika kopo hewani. "Niletee kile kifuniko tulinganishe."

"Ili ukibadilishe? Wiki mbili, mikono yangu tazama! Kumbe nilikuwa nachekesha wateja wako!"

Mwenye duka hakuuliza zaidi. Mteja amelalamika, na mlango wenyewe kauona. Alimwambia kijana avue beji, aende stoo kupanga makatoni, kaunta atasimama mwingine. Kijana akaweka kopo chini taratibu, akapita mbele ya msichana bila kumtazama.

Jioni ile simu haikuita. Kesho yake msichana alipiga mara mbili, nayo haikupokelewa. Siku ya tatu akampigia mama yake.

"Mama, nina jambo."

"Umegonga gari."

"Umejuaje?"

"Wiki ya tatu hii unaniita mama kipenzi. Endelea."

Akaeleza yote, sauti ikikatika. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo rangi mlipimia wapi?"

"Kwenye kifuniko cha tangi."

"Mwanangu, kile si cha gari lile. Chake kilidondoka njiani mwaka juzi, nikanunua kingine kwa wauza vipuri vya zamani. Muuzaji akaniuliza kama rangi zinafanana. Nikamwambia zinafanana kabisa. Na macho yangu yale!"

Msichana alitoka uani na simu sikioni, akazunguka upande wa kulia, alikokuwa amekirudishia kifuniko bila kuutazama vizuri, akafuta vumbi kwa kiganja. Kifuniko kilikuwa kijani kuliko hata mlango.

"Mama, nilimtukana mtu mbele ya watu. Wamemtoa kaunta."

"Mlango utanisubiri. Yeye asisubiri. Nenda sasa hivi, mimi nakata simu."

Alimkuta stoo, kati ya makatoni ya puti, ovaroli limejaa vumbi.

"Nisamehe," alisema. "Kifuniko hakikuwa cha gari lile. Uliniuliza, nikakujibu kwa mzaha."

"Ulinitukana mbele ya watu kumi na wawili. Niliwahesabu. Leo unaniomba radhi mbele ya makatoni."

Msichana akageuka, akaenda mbele ya duka, akapanda ngazi ya rafu akiwa na gauni lake.

"Jamani, nisikilizeni! Mimi ndiye wa ule mlango wa juzi! Kijana wenu alichanganya sawasawa! Mwenye makosa ni mimi, nilileta kifuniko cha gari lingine, na nikamvunjia heshima mtu aliyenifundisha kila kitu bila kunidai shukrani!"

Fundi mmoja mzee akapiga makofi peke yake. Mwenye duka akakohoa. "Basi mwambieni arudi kaunta. Na wewe dada shuka, hiyo ngazi ina mguu mbovu."

Kijana alikuwa ameshaishika ngazi kwa mikono miwili.

"Leo nakuja kuliona gari," alisema. "Hata kama kuna nguo za kufua, nguo za kuanika, sijui."

Alikuja, akapima rangi kwenye ganda la kioo cha pembeni. Ijumaa mchana akarudi na makopo mawili mapya, akampa msichana.

"Puliza wewe."

"Nikiharibu?"

"Tutasugua tena. Mkono utembee kwanza, ndipo rangi itoke."

Akapuliza, kijana ameshika kiwiko chake kwa vidole viwili tu. Buluu ikaungana na buluu, mshono ukapotea. Kisha kopo la pili likakoroma, likatoa upepo mtupu. Chini ya kitasa kilibaki kipande sawa na kiganja, kijani waziwazi.

"Haiwezekani!" Akaketi juu ya ndoo. "Mama anafika kesho saa nne asubuhi!"

"Mashine ya kuchanganyia imeharibika leo, inatengenezwa mpaka Jumatatu. Kosa langu, nilipima kidogo."

"Nimechoka, Rangi. Kweli nimechoka."

Kijana akachuchumaa mbele yake, akachukua kitambaa chenye thina, akaanza kumfuta vidole kimoja kimoja.

"Jumatatu nitakuja na kopo la tatu. Jumatano nitakuja bila kopo."

"Bila kopo uje kufanya nini?"

"Nikuone. Na wiki ijayo nije. Lakini sitaki kuja hapa maisha yangu yote nikibisha hodi kama mgeni. Nataka siku moja nikitoka kazini niseme narudi nyumbani, na nyumbani uwepo wewe. Unanielewa?"

Msichana alimwangalia. Pua ya kijana ilikuwa na tone la buluu, na hakumwambia.

"Mama nitamwonyesha mwenyewe palipobaki," alisema mwishowe. "Atasema sana. Wewe njoo saa tano, akishamaliza kusema."

"Nije nimwambie nini?"

"Hayohayo uliyoniambia mimi. Ila kwanza ukanyoe hizo ndevu."