Maneno Yaliyoachwa Nje ya Ripoti

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kwenda uwanjani, Naswa alimsaidia baba yake kazi. Baba yake, Mzee Wanyonyi, alikuwa mtunza bustani katika nyumba kubwa ya mtaa wa Milimani, Kisumu, nayo familia iliishi katika vyumba viwili nyuma ya nyumba hiyo. Naswa alifagia majani na kumwagilia maua, kisha akaanua shati lake jeusi la refa na kulipiga pasi hadi kola ikasimama. Alikuwa Gredi ya Saba, na ndiye msichana pekee shuleni mwao aliyefuzu mafunzo ya marefa wanafunzi. Tangu apewe filimbi, hata mwendo wake ulibadilika. Mdogo wake alimtania kwamba siku hizi anaomba chumvi mezani kana kwamba anatoa penalti.

Jumamosi hiyo alikuwa na mechi ya nusu fainali ya wasichana wa chini ya miaka kumi na minne, huko Obunga. Timu itakayoshinda ingekwenda Sondu wiki inayofuata kucheza fainali. Nahodha wa Obunga aliitwa Dorca, msichana mwembamba mwenye mbio za ajabu. Mwaka ujao angekuwa amepita umri huo, kwa hiyo Sondu ilikuwa nafasi yake ya mwisho.

Mama yake Dorca alikuwa amesimama pembeni mwa uwanja. Alifunga kibanda chake cha samaki mapema ili aje amtazame binti yake, na aproni yake yenye madoadoa ya mafuta ilikuwa bado kiunoni. Kila Dorca alipogusa mpira, mama aliruka na kuita, "Nyathina! Nyathina!" yaani mwanangu. Watu walicheka kwa furaha pamoja naye.

Naswa alichezesha vizuri, tena vizuri sana. Zikiwa zimebaki dakika kumi, Obunga ikiongoza mabao mawili kwa moja, akawapa penalti. Dorca aliweka mpira, akarudi nyuma, akapiga. Mpira ulipaa juu ya mwamba wa goli ukaangukia kwenye bustani ya sukumawiki ya jirani.

Dorca alishika kichwa kwa mikono miwili, akageuka kule alikokuwa Naswa na kupaza sauti. Naswa alilisikia neno la mwisho tu: "Ofuwo!" Wachezaji wote wakaangua kicheko.

Sasa, Naswa hakuzaliwa Kisumu. Walihamia hapo kutoka Bungoma miaka miwili iliyopita, na Dholuo, lugha ya wenyeji wa pale, aliijua kwa kuokotaokota njiani. Lakini neno hilo alilijua vizuri. Ofuwo ni mjinga. Ndilo neno ambalo watoto wa pale bombani walimwita alipokuwa mgeni asiyejua hata kuomba nafasi ya kuteka maji. Halikuwahi kumtoka moyoni. Na sasa aliitwa hivyo tena, mbele ya uwanja mzima, akiwa amevaa shati la refa!

Akapiga filimbi, akachomoa kadi nyekundu.

"Refa, mimi?" Dorca alishangaa. "Nimefanya nini?"

"Umenitukana!"

"Mimi? Ai, sijaku—"

"Mjinga ni wewe!" Naswa alifoka. "Wewe na mama yako, mnaonuka mgongo wazi!"

Kicheko kilikatika. Mgongo wazi ni mifupa ya samaki inayobaki minofu ikishaondolewa, ile inayokaangwa na kuuzwa Obunga. Nusu ya watoto waliokuwa uwanjani walilelewa nayo na kusomeshwa nayo. Mama yake Dorca alisikia kila neno. Alifungua aproni yake, akaikunjakunja na kuificha kwapani, kisha akaondoka kabla mechi haijaisha.

Obunga ilishinda ikiwa na wachezaji kumi. Hakuna aliyemshika refa mkono.

Alasiri hiyo Naswa alikwenda shuleni kwa Madam Zuleha, mwalimu wa michezo, ambaye alikuwa refa kwa miaka mingi na ndiye aliyewafundisha marefa wanafunzi. Madam alikuwa akichezesha mechi nyingine siku hiyo, hivyo hakuyaona ya Obunga. Alimpa fomu ya ripoti.

"Mahali pa tusi hatuandiki 'alinitukana'," alimweleza. "Tunaandika neno kwa neno, kama ulivyosikia."

Naswa aliandika: "Mchezaji alimwambia refa, 'In ofuwo', yaani wewe ni mjinga." Lile "in" hakulisikia kamwe. Alilijaza tu, maana aliona bila hilo sentensi haikamiliki.

"Na wewe ulimjibu nini?" Madam aliuliza.

"Nilimwonyesha kadi tu, Madam."

"Vizuri. Mchezaji anayemtukana refa hukosa mechi mbili. Basi huyo Sondu haendi. Jumatatu saa nne nitaipeleka kwa Mwalimu Obiero, katibu wa mashindano."

Usiku ule Naswa alijiambia kwamba Dorca alijitakia. Alijiambia hivyo mara nyingi, na mtu mwenye uhakika hahitaji kujiambia mara nyingi.

Kesho yake, baada ya ibada, alikutana na Ouma. Ouma alikuwa mwanafunzi mwenzake, na katika mechi ile ndiye aliyeshika kibendera upande wa kina Dorca.

"Naswa, ile kadi ilikuwa ya nini?" Ouma aliuliza.

"Si ulimsikia? Alisema 'In ofuwo'."

Ouma alianza kucheka, kisha akaona uso wa mwenzake na kuacha. "Hapana. Alisema 'An ofuwo'. An ni mimi, in ni wewe. Alikosa penalti akajiita mjinga mwenyewe. Ndiyo sababu wenzake walicheka. Walikuwa wanamcheka yeye."

Naswa alimshika Ouma mkono. "Kwa nini hukuniambia pale pale?"

"Ningekuambia saa ngapi? Ulikuwa unamtukana mama yake."

Naswa alirudi nyumbani kwa aibu. Mchana hakula. Alimtazama baba yake akinawa mikono nje, mikono iliyonuka mbolea ya ng'ombe miaka nenda miaka rudi, mikono iliyomnunulia viatu vya uwanjani. Je, ingekuwaje mtu asimame hadharani amtaje baba kwa harufu ile, na uwanja mzima ukisikia? Wazo hilo lilimfanya aisukume sahani kando.

Jumatatu alifika shuleni kabla ya kengele. Alimkuta Madam Zuleha akipanga madaftari.

"Madam, ile ripoti si ya kweli."

Alieleza yote huku akiangalia sakafu. Alisubiri kufokewa. Madam hakumfokea, na hilo lilimuumiza zaidi. Alifungua droo, akatoa fomu mpya, akaiweka mezani.

"Andika upya. Neno kwa neno. Ya mchezaji na ya refa."

Naswa aliandika maneno ya Dorca, akaandika kwamba yeye ndiye aliyekosea kusikia. Halafu akafika kwenye maneno yake mwenyewe na kalamu ikakataa kwenda. Kuyasema kulichukua sekunde moja. Kuyaandika kulichukua muda hadi kengele ikalia, na machozi yakadondokea neno "mgongo" na kulitia ukungu.

"Liandike tena pembeni," Madam alisema. "Mwalimu Obiero lazima aweze kulisoma."

Akaliandika tena.

Saa nne Madam alipeleka ripoti, na saa sita akarudi na majibu. Kadi ya Dorca ilifutwa. Angecheza Sondu. Naswa aliambiwa arudishe filimbi yake hadi muhula ujao, naye akaitoa shingoni bila ubishi.

"Mambo ya fomu yamekwisha," Madam alisema. "Yaliyobaki hayana fomu. Jioni twende Obunga."

Mama yake Dorca alikuwa kibandani, mafuta yakichemka mbele yake. Dorca alikuwa kando akikata nyanya. Alipomwona Naswa, kisu kilisimama. Madam alisimama nyuma ya Naswa akamwacha aseme mwenyewe.

"Shikamoo, Mama," Naswa alianza. "Nimekuja kuomba msamaha. Dorca hakunitukana. Mimi ndiye niliyemtukana yeye, na wewe pia, na hamkunikosea kitu. Halafu nikadanganya kwenye ripoti. Kadi imefutwa. Dorca atacheza Jumamosi."

Uso wa Dorca uling'aa kidogo, kisha ukazima. "Mimi nitacheza. Lakini mama anasema yeye haendi Sondu. Anasema watu watamnusa, atanitia aibu."

"Nyamaza, Dorca," mama yake alisema taratibu, akiendelea kugeuza samaki.

Naswa alihisi ni heri angezabwa kofi. Mama huyu hakuwa amekosa mechi hata moja ya binti yake.

"Mama, tafadhali njoo," alisema, sauti ikikatika. "Mwenye aibu ni mimi. Wewe huna aibu yoyote."

Mama yake Dorca aliopoa samaki mmoja kutoka kwenye mafuta. "Nimekusikia, nyathina," alisema. "Hayo maneno hayawezi kutoka moyoni kwa siku moja. Nitaangalia."

Jumamosi uwanja wa Sondu ulijaa. Mechi ilichezeshwa na Madam Zuleha mwenyewe, naye Naswa alikuwa mtazamaji kama watu wengine, bila shati jeusi wala filimbi. Alizungusha macho kila upande. Muda mfupi kabla ya mechi kuanza alimwona mama yake Dorca akiingia, amevaa gauni lake la kanisani. Alikaa mwisho kabisa wa benchi, mbali na watu, akaacha nafasi kubwa kando yake.

Naswa alikwenda akaketi kwenye nafasi hiyo, karibu kabisa, bega kwa bega.

Kipindi cha pili, mlinzi mmoja wa timu ya wapinzani alimsukuma Dorca, na Madam akapiga filimbi. Mlinzi alinung'unika huku akiondoka. Madam alifanya kama hakusikia, mchezo ukaendelea. Baadaye msichana yuleyule alikuja mbio akibishia mpira wa kurushwa. Madam alimwita pamoja na nahodha wake, akasema nao maneno mawili matatu kwa sauti ndogo, wakarudi. Lakini alipomwangusha Dorca mara nyingine na filimbi ikalia, mlinzi alilipuka mbele ya watu wote: "Refa mwizi! Mama mzima huna haya!"

Uwanja ukaguna. Naswa alishika benchi kwa mikono miwili kana kwamba ametukanwa yeye.

Madam Zuleha alisimama wima. Alivuta pumzi moja. Alimwita yule msichana na nahodha kando, akamuuliza jambo kwa utulivu, na msichana akainamisha kichwa. Kadi nyekundu ikainuliwa juu. Msichana alipokuwa akitembea kutoka nje, Madam hakumfuata kwa neno wala kwa jicho. Alitoa kijitabu mfukoni, akaandika, akakirudisha, akaonyesha mahali pa kuweka mpira.

Mama yake Dorca alimgeukia Naswa. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo. "Amemjibu nini?"

"Hajamjibu, Mama. Amemuuliza amesema nini, ili asikosee. Halafu amempa kadi, na ameandika."

"Tu?"

"Tu."

Mama alitikisa kichwa kwa kukubali. "Kumbe ndivyo inafanywa. Angalia sasa. Watu wote hapa wamejua nani amekosa, kwa sababu ni mmoja peke yake. Kama mwalimu wako angerudisha tusi, wangekuwa wawili, na hiyo kadi ingekuwa kadi ya bure. Mtu akipewa filimbi amepewa nguvu juu ya wenzake, kwa hivyo ulimi wake lazima aushike kuliko wao wote." Alimwinamia Naswa karibu zaidi. "Na siku ile yako, nyathina, hata huyo mmoja wa kukutukana hakuweko. Mkosaji ulikuwa wewe peke yako."

Naswa aliinamisha kichwa. Ilikuwa kweli tupu, tena imesemwa bila hasira. Machozi yalimdondoka miguuni.

Kiwiko cha mama kikamgusa ubavuni.

"Haya, inua kichwa," alisema. "Umekaa na mimi kwa hivyo utashangilia na mimi. Angalia pale. Dorca ako na mpira!"